Sauti Iliyowekwa Amana Mbarara

Munezero wa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuogopa nyoka, hakuogopa radi za Isingiro, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye wanaume wazima walizungumza naye kwa sauti ya asali, yeye alimtazama machoni akamwambia ukweli wake. Alichoogopa ni flashi. Ukiingia studio yake na kidude hicho kikining'inia kwenye funguo zako, macho yake yalikuacha wewe na salamu zako yakakifuata chenyewe, kama mama anayemwona mtoto wa jirani mwenye surua akiwakaribia wanawe.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kuiona flashi ya mwanakwaya. Nakivale nyimbo husafiri mifukoni. Flashi moja hutoka kwenye kibanda cha sinema ikaenda kwa kinyozi, ikatoka kwa kinyozi ikaenda kwa mchungaji, na kila inapolala huamka na kirusi kipya ikakipeleka mbele bila nauli. Munezero alikuwa na dawa yake. Mezani, kando ya laptopu yake nzuri, aliweka kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao wala na chombo kingine chochote. Flashi ya kila mtu, awe mkubwa awe mdogo, ilianzia humo, ikakaguliwa, ikasafishwa, ndipo ikaruhusiwa kuendelea. Kompyuta hiyo aliiita Karantini, na neno hilo wilaya nzima ililijua: ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, masoko ya mifugo hufungwa, na hakuna ng'ombe anayevuka Kabingo mpaka daktari wa mifugo aseme. Watu walimcheka. Yeye alicheka nao, huku flashi zao zikikaa karantini vilevile.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na video: arusi, ubatizo, makongamano ya kanisa, wanafunzi wanaotaka picha za kitambulisho wakiwa wamenuna kama walivyoagizwa. Aliipenda kazi hiyo kuliko usingizi, na sababu hakuificha. Alipoikimbia milima ya Minembwe, huko Kongo, akiwa msichana, nyumba yao ilikuwa imeungua pamoja na picha zote. Uso wa mama yake alibaki nao kichwani tu, na kila mwaka ulififia kidogo. "Nyumba tutajenga ingine," aliwaambia wateja waliolalamika kwamba anahifadhi mno. "Sura ya mama siwezi jenga."

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuungua. Baba yake, mzee Sebagabo, hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wawili walikaa kwa shemeji bondeni, mmoja kwa rafiki wa sala, wengine kwa watu wa ng'ambo ya mto aliokua nao. Wafugaji wa kwao huiita kuragiza: unampa mwenzako ng'ombe amtunze, yeye anakunywa maziwa, wewe unaenda kumsalimu ng'ombe wako, na siku moja mtunzaji hupewa ndama wake kwa shukrani. Zizi la nyumbani lilipovamiwa, ng'ombe wa mbali walisalimika, na hao ndio waliouzwa wakaifikisha familia Uganda. Munezero aliyajua majina ya watunzaji wote kwa mfuatano wake, kwa sababu baba yake aliwataja katika sala kila asubuhi, kabla hata ya kuwataja wanawe.

Ndiyo maana alipokutana na Zakiah walielewana upesi.

Zakiah, mke wa Muzafaru, alikuwa na duka la kompyuta mjini Mbarara na nyumba huko Kamukuzi, mtaa wa mji huohuo. Munezero aliingia dukani mwake mara ya kwanza akiwa analia, diski mkononi. Ilikuwa diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, nayo ilikuwa imeanguka kutoka kwenye bodaboda juu ya moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, ikiwa na kongamano zima la akina mama. Zakiah aliiweka sikioni akaitikisa polepole.

"Nnyabo, hii imekufa," alisema. "Sikia, mifupa yake nalia ndani."

Kisha akatoa kabatini diski nyingine, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Hii, alieleza, haina kinachozunguka. Ni vipande vimetulia tu, ukiiangusha inaokotwa. Tena ina kufuli lake ndani. Kila kinachoingia hugeuzwa mafumbo, na asiye na neno la siri akiiba anapata chuma tupu. Akijaribu kubahatisha mara nyingi, diski yenyewe inautupa ufunguo wake, na hapo hata mwenye mali haingii tena.

"Lakini sikia vizuri," Zakiah aliendelea. "Moto hapana jua kufuli. Na virusi, kama wewe mwenyewe nafungulia yeye mlango, naye hapana jua kufuli. Wewe nunua mbili. Moja kaa na wewe, ingine peleka mbali, na hiyo ya mbali hapana kaa kwa kompyuta kila siku."

Munezero alinyamaza kulia. "Ni vile Papa alikuwa anafanya na ng'ombe."

"Kwetu tunaita amana," alisema Zakiah. Alizaliwa Bwizibwera, baba yake akinunua maziwa kwa wafugaji, kwa hiyo habari ya ng'ombe walio kwa watu haikuhitaji kufafanuliwa. Akaongeza, kwa uso mkavu, "Na mimi mtunzaji, maziwa yangu iko wapi? Diski hapana kamua."

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, Munezero alikwenda Kamukuzi na laptopu yake begani na galoni la mtindi mkononi. Zakiah alitoa diski kwenye droo, ikiwa imeviringishwa kitambaa. Munezero aliiunganisha na laptopu yake, akaongeza ya mwezi ule, akaichomoa. Umeme ule kidogo nao ulikuwa na faida, maana vyombo vya namna hiyo vikisahauliwa miaka mingi bila umeme huanza kupoteza kumbukumbu. Mtindi ulinywewa na watoto wa Zakiah mpaka ukaacha masharubu.

Neno la siri lilikuwa na historia yake. Mwanzoni Munezero alitumia jina la ng'ombe mpendwa wa baba yake, Bihogo, akajiona mjanja. Halafu, arusini fulani, msifu ng'ombe alishika kipaza sauti na kumwimba Bihogo wa Sebagabo, pembe zake, mwendo wake, jina lake mara nyingi zisizohesabika, mbele ya watu wote wa Base Camp, naye Munezero nyuma ya kamera akataka kuzama ardhini. Alipomsimulia Zakiah, Zakiah alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamkalisha chini akamwambia achague kitu kirefu ambacho hakiimbwi popote. Munezero alichagua, na kwa kuwa ni siri yake mimi pia sitakitamka. Itoshe kusema kilitoka katika sala za baba yake. Tatizo lake alishindwa kukiandika bila kunong'ona. Kwa hiyo kila mara Zakiah aligeukia ukutani, akaziba masikio, akaimba kasida kwa sauti ya juu mpaka kazi iishe. Muzafaru alizoea, aliposikia kasida mchana alijua Munezero amekuja.

Sasa tumfikie Ngabo, kwa maana bila yeye pasingekuwa na cha kusimulia.

Ngabo alikuwa jirani wa Munezero, mchungaji wa ng'ombe maisha yake yote, mwenye sauti ambayo ng'ombe wa watu wengine waliitika. Alikuwa na binti mmoja, Orpa. Desturi yao ni kwamba siku ya arusi baba husimama mbele ya wakwe akamtaja ng'ombe anayemsindikiza naye binti: rangi yake, mama yake, bibi yake, na baraka zinazofuatana naye. Maneno hayo hakuna anayemsemea baba akiwa hai. Mwaka uliopita Ngabo alipoona ugonjwa umemzidi, alimwita Munezero.

"Orpa ataolewa miye nikiwa siko," alimwambia. "Chukua sauti yangu. Nitasema sasa."

Akaletwa mtamba wake akasimama karibu, na mzee akasema, akiwa ameketi, kofia kichwani, fimbo mapajani. Alisema mara moja tu. Alipomaliza aliomba maziwa, akayanywa, akamwambia Munezero kwamba mtamba alikuwa ametazama kamera vizuri kuliko yeye. Hazikupita wiki nyingi akafariki.

Orpa hakuyasikiliza maneno yale. Alikataa hata kuyaweka kwenye simu. "Simu inaibiwa, na nitakuwa nasikiliza kila siku mpaka yaishe utamu," alisema. "Nitamusikia siku yenyewe. Wewe Yaya, umulinde." Yaya kwao ni dada mkubwa, na kwa jina hilo Munezero akamwahidi. Akamwambia Papa yake amelazwa fasi mbili, Nakivale na Mbarara, na hakuna mwizi anayeingia zote mbili kwa siku moja.

Arusi ikapangwa. Bwana arusi alitoka upande wa Juru, humohumo kambini, na mjomba wake alikuwa Barnabé, mwinjilisti anayeheshimika, mwenye koti la suti hata jua likiwaka. Katika wiki ya arusi Munezero alikuwa studio, laptopu imewaka, diski ya nyumbani imeunganishwa, akiandaa filamu ambayo ingeonyeshwa ukutani. Barnabé akaingia. Alitoa leso safi, akaifungua taratibu, na ndani yake kulikuwa na flashi.

"Mama Munezero, hizi ni nyimbo za shorale yetu," alisema, akimaanisha kwaya. "Nimezileta miye mwenyewe."

Mkono wa Munezero ulikuwa umekwisha kuelekea Karantini. Barnabé akaitazama kompyuta ile kuukuu, kwa udadisi tu, akauliza, "Ile mashini ni ya nini?"

Hapo mkono wake ukarudi mezani. Huyu alikuwa mkwe, na kwao maziwa ya mkwe hayanuswi kabla ya kunywewa. Unamwambiaje mtumishi wa Mungu, siku chache kabla hajampokea binti yenu, kwamba kitu chake lazima kitazamwe kwanza kama kina uchafu? Angekuwa kinyozi angefungiwa karantini bila salamu. Angekuwa mwenyekiti, vilevile.

"Hapana kitu, Papa," alisema Munezero, akaichomeka flashi ya mwinjilisti kwenye laptopu yake nzuri.

Nyimbo zilikuwa tamu, hilo lisipotajwa tutakuwa tumewadhulumu. Waliimba pamoja ubeti mzima, Barnabé akaomba sala ya kubariki kazi, akaenda zake. Munezero akatoka kunywa uji kwa jirani. Aliporudi alikuta majina ya mafaili yanabadilika mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, yakipata mikia ya herufi asizozijua. Akabonyeza picha, haikufunguka. Akabonyeza video, haikufunguka. Kisha maandishi mekundu ya Kiingereza yakajaa skrini: mafaili yako yamefungwa, ukiyataka tulipe kwa njia tutakayokuelekeza.

Alichomoa kila kilichochomoleka, akazima kila kilichozimika. Haikusaidia. Kufuli la diski ni la kumzuia mwizi anayebisha kutoka nje; hii ya nyumbani mwenyewe alikuwa ameifungua ili afanye kazi, na mwizi alikuta mlango wazi na chai mezani. Munezero akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Heshima si utumwa, alilijua hilo tangu utotoni, ila alilikumbuka wakati majuto yamekwisha kuwa mjukuu na mjukuu anatambaa.

Habari zilifika kwa Barnabé kabla hajafika Juru. Alirudi bila koti. Ikajulikana kwamba flashi ile aliiazima kwa mwanakwaya, aliyeiazima kwenye kibanda cha sinema.

"Ni miye niliingiza nyoka mu nyumba," alisema, amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Hapana, Papa. Miye njo nilifungua mlango, na nilijua," alijibu Munezero.

Barnabé alitaka kanisa lichange walipwe hao watu. Munezero akatikisa kichwa. Mwizi wa namna ile hana shahidi, hana kwao. Ukimlipa hujui kama atafungua au atarudi kesho na njaa zaidi. Kilichomtia hofu kilikuwa kingine. Orpa alikuwa amekuja, amesimama nyuma ya Barnabé.

"Yaya," akauliza, "Papa ameenda mara ya pili?"

"Hapana," alisema Munezero, akijifuta uso kwa kitenge. "Papa yako iko Mbarara. Vaa viatu, tumufuate."

Walikwenda wawili. Laptopu iliachwa Nakivale, imezimwa, kwa sababu mgonjwa hapelekwi kumsalimu mzima. Zakiah alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alikuwa nyumbani Kamukuzi, ameandaa kompyuta aliyoisafisha upya asubuhi ile, na diski imo ndani ya kitambaa chake, kavu, haijui lolote la mambo ya dunia.

"Kale, keti," alisema. "Mimi nageuka."

Akageukia ukutani, akaziba masikio, akaanza kasida. Orpa alishangaa lakini alikuwa msichana mwenye adabu, akafumba macho. Munezero akanong'ona na kuandika kwa kasi kama kawaida yake, nukta nyeusi zikijipanga kwenye kisanduku, akabonyeza.

Diski ilikataa.

Akaandika tena. Ikakataa. Akaandika tena, na tena, kila mara kwa kasi zaidi, mpaka likatokea onyo, naye akalisoma kwa sauti bila kutaka: nafasi iliyobaki ni moja, na ikikosewa kila kilichomo kitafutika.

Kasida ikanyamaza. Zakiah akageuka.

"Hapana gusa," alisema kwa upole. "Toa mkono."

Munezero akaiondoa mikono yake akaiweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alisema hajui kimetokea nini, neno lile analiandika kila mwezi, vidole vyake vinalijua kuliko vinavyojua kufunga kamba za viatu. Orpa alifumbua macho. Aliitazama diski ile ndogo.

"Yaya, tuwache," alisema. "Ibaki imefungwa. Nitakuwa najua Papa iko ndani. Bora vile kuliko afutike."

Aliposema hivyo Munezero aliumia kuliko kama angelaumiwa. Zakiah alikwenda jikoni akarudi na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, akamkabidhi kila mmoja kikombe kama askari anayegawa bunduki.

"Kunywa. Haraka haraka haina baraka, hata kwa kompyuta," alisema. Walipokuwa wamefika nusu ya vikombe akaendelea, "Hiyo diski nakuonyesha nukta tu. Hapana onyesha wewe herufi. Mimi nafungua karatasi tupu hapa kwa kompyuta. Wewe andika huko kwanza, tazama nini natoka. Baadaye futa. Sisi nageuka wote."

Wakageuka wote. Safari hii Orpa naye aliziba masikio, na kwa kuwa hakujua kasida aliimba pambio la kanisani, na nyimbo mbili zikapanda ukutani pamoja. Munezero akaandika kwenye ukurasa mtupu kama vidole vilivyotaka. Akautazama. Palipotakiwa A palikuwa na Q. Palipotakiwa M palikuwa na nukta mkato. Jina la shemeji wa bondeni, mtu mwema aliyewatunzia ng'ombe miaka yote, limegeuka tusi la lugha isiyojulikana.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika, mpaka nyimbo zikakoma na wenzake wakageuka bila ruhusa, naye akauficha ukurasa kwa kifua chake.

Laptopu yake ilikuwa imeletwa kutoka Bujumbura. Herufi zake zimepangwa kwa mtindo wa Wafaransa, na ni juu ya hiyo vidole vyake vilijifunza, na ni hiyo tu aliyokuwa akija nayo Kamukuzi kila mwezi. Kompyuta ya Zakiah imepangwa kama zote za Uganda. Kichwa chake hakikusahau chochote. Vidole ndivyo vilivyokwenda kwenye fasi za zamani, vikakuta watu wengine wamehamia.

"Hii A iko fasi ingine!" alisema. "Banahama, hata herufi ni bakimbizi!"

Alifuta ukurasa. Wenzake wakageukia tena ukuta. Akavikunja vidole vyake vyote isipokuwa kimoja, na kwa kidole hicho akawa anaitafuta kila herufi kwa macho, kama kuku anayedonoa mtama. Alimtaja kila mtunzaji kwa jina, polepole, vile baba yake alivyowataja alfajiri, wa bondeni, wa sala, wa ng'ambo ya mto, hakumruka hata mmoja. Kabla ya kubonyeza alipumua.

Ikafunguka.

Munezero alimshika Orpa bega. Kwenye skrini Ngabo alikuwa ameketi, kofia kichwani, fimbo mapajani, na mtamba kando yake ametazama kamera. Orpa alimtazama baba yake, sauti ya video ikiwa imezimwa, kwa sababu sauti alikuwa ameitunzia siku yake. Zakiah alishika mdomo. Hakuwahi kujua ni kitu gani alichokuwa akikilaza kwenye droo pamoja na vitambaa vya mezani.

Arusini Zakiah alikuja mwenyewe na kompyuta yake safi, Muzafaru amebeba spika. Mlangoni mwa kanisa alisimama Barnabé, koti limerudi mabegani, ameshika kikapu. Kila aliyekuja na flashi ya zawadi ya nyimbo aliiacha kikapuni, na mwinjilisti aliwaambia kwa sauti ya mimbari kwamba hata zake ziko humo. Hakuna aliyethubutu kubisha. Munezero nyuma ya kamera alitaka kumkumbatia, ila mkwe hakumbatiwi.

Wakati ulipofika, Orpa alisimama katika mshanana wake wa rangi ya kahawia, shuka la sherehe lililofungwa begani. Baba zake wadogo walimwachia nafasi kaka yao, na Ngabo akasema kutoka ukutani.

Ile sauti ilikuwa vilevile. Ng'ombe waliokuwa wakichunga nyuma ya kanisa waliinua vichwa, watu waliona, hilo si la kutunga. Alimtaja mtamba, rangi yake, mama yake, bibi yake. Alimbariki binti yake kwa jina ambalo yeye peke yake alimwita utotoni, na Orpa aliposikia jina hilo alilia na kucheka kwa pamoja, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, uso wake umeng'aa. Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya maneno ya mzee, jambo ambalo angekuwa hai angelikaripia. Kisha Ngabo akamalizia, na haya Munezero aliyasikia siku ya kurekodi akayaona ni ya ng'ombe tu:

"Mama wa huyu ng'ombe alikaa kwa watu, nikamkuta mzima. Orpa, kitu changu chochote mtakachokikuta kwa watu kimetunzwa, msikichukue kwa mikono mitupu. Aliyekitunza mpeni ndama."

Ukuta ukawa mweupe. Orpa hakuketi. Alitazama huku na huku mpaka akaliona shungi la Zakiah kati ya vitenge.

"Papa alikuwa kwa batu," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Alilala Kamukuzi, kwa Mama Zakiah. Ndama wa kwanza wa huyu ng'ombe ni wake."

Wazee wakaitikia kwa pamoja. Zakiah alisimama, akashika kifua, akawa hana la kusema, na hilo Muzafaru alisema ni mara ya kwanza kuliona tangu amwoe. Lilipomjia la kusema lilikuwa hili: "Bambi, mimi nakaa Kamukuzi. Ng'ombe nalaza wapi? Kwa sebule?"

"Utamuragiza kwangu," alijibu Munezero kutoka nyuma ya kamera. "Maziwa nitakunywa miye. Na utakuja kumuona kila mwisho wa mwezi."

Kanisa zima likacheka.

Munezero aliisafisha laptopu yake yote akaanza upya kutoka diski ya Mbarara, na mwezi ule mmoja uliopotea aliulilia kidogo, akausamehe. Karantini bado iko mezani. Sasa ina kitambaa cha kudarizi juu yake, na wakwe wanapokuja ndio wanaokaguliwa kwanza, kwa heshima zote na soda.

Mtamba alizaa mvua zilipoanza, ndama jike, mwekundu, mwenye paji jeupe. Zakiah alikuja Nakivale siku ileile, akiwa na viatu visivyofaa kabisa kwa zizi. Msifu ng'ombe wa arusi alikuwa amekwisha kufika, amesafisha koo, akauliza ndama anaitwaje ili amwimbe.

"Huyu hapana imbwa," alisema Zakiah.

Akapiga magoti kwenye majani, akalivuta sikio la ndama lenye unyevu karibu na mdomo wake. Kabla hajanong'ona jina aligeuka akamtazama rafiki yake. Munezero akaelewa. Akageukia ua wa zizi, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa kasida aliisikia miaka mingi na maneno yake aliyajua kwa moyo, akaiimba kwa sauti ya juu, mpaka mwisho.